Al-Zahrawi: Tabibu aliyefunga meno kwa uzi wa dhahabu miaka 1,000 iliyopita

Kama umetolewa waya za meno majuzi, unaijua ile raha. Ulimi unapita juu ya meno na haukwaruzwi na chuma. Unatafuna mahindi ya kuchoma bila wasiwasi. Unapiga picha kumi kwa siku na zote unacheka. Kisha daktari anakupa kitu kingine tena cha kuvaa, ritena, au anakubandikia kawaya kembamba nyuma ya meno ya mbele na kukuambia ukae nako. Unamuuliza hadi lini. Akikujibu, sura inakukunjamana.

Kwa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera mambo huharibikia hapo. Madaktari wa kunyoosha meno wengi wako Nairobi. Ulipokuwa na waya ulivumilia basi la usiku, zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kukazwa. Ukishatolewa, nani tena apande basi kwenda tu kuangaliwa? Meno si yamenyooka? Mwaka unapita, wa pili unaingia, na siku moja kwenye kioo unaona jino moja la chini limeanza kugeuza bega. Ritena nayo, uliyoisahau kwenye droo tangu mtihani wa KCSE, haiingii tena.

Sasa sikia habari za mtu mmoja aliyeumiza kichwa juu ya jambo hilihili la meno kukaa mahali pake, karne kumi kabla hujazaliwa. Jina lake ni Abu al-Qasim Khalaf ibn al-Abbas al-Zahrawi. Wazungu, kwa kushindwa kulitamka, walimwita Abulcasis, na wengine Albucasis. Wengi humtaja kama baba wa upasuaji, jambo ambalo ni kweli, lakini wanaruka kile kipande cha meno. Mimi nitakikalia kidogo.

Alizaliwa katika mji unaoitwa Madinat al-Zahra, karibu kilomita nane nje ya Cordoba, katika nchi ambayo leo ni Hispania na wakati ule ikiitwa Andalusi. Ndiyo maana akaitwa al-Zahrawi, mtu wa Zahra, kama vile mtu huitwa wa Bura au wa Modogashe. Mwaka wake wa kuzaliwa hukadiriwa kuwa 936 au muda mfupi baadaye, kwa sababu mji wenyewe ulianza kujengwa 936 kwa amri ya Khalifa Abdurrahman wa Tatu. Jina lake lingine, al-Ansari, linaonyesha kuwa ukoo wake ulijihesabu kuwa wa wale Ansari wa Madina waliompokea Mtume. Yaani familia iliyokuwa imesafiri mbali sana kabla yeye hajazaliwa.

Ili usidhani huku kwetu palikuwa kimya, miaka hiyohiyo, ng'ambo ya Ijara na Lamu, katika kisiwa cha Pate, watu wa Shanga tayari walikuwa na msikiti wao na walikuwa wakifanya biashara na merikebu za Bahari ya Hindi. Dunia ya Kiislamu ilikuwa ndefu, kutoka Andalusi hadi pwani yetu.

Cordoba ya wakati ule haikuwa mchezo. Al-Zahrawi alipokuwa kijana wa rika lako hivi, aliyetawala alikuwa Hakam wa Pili, kuanzia 961 hadi 976. Huyu alikuwa khalifa aliyependa vitabu kuliko vita. Maktaba yake husemekana ilikuwa na vitabu 400,000. Hata ukipunguza nusu kwa kuwa wasimulizi wa zamani walipenda kuongeza chumvi, bado ni vitabu vingi ajabu kwa enzi ambayo kila kimoja kiliandikwa kwa mkono. Humo zilikuwamo kazi za Wagiriki, Galen na wenzake, zilizokwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad. Kijana wa Zahra aliyetaka utabibu alikuwa na cha kusoma.

Kuhusu maisha yake ya nyumbani, mke, watoto, alikula nini, karibu hatuna kitu. Mwandishi wa kwanza kuweka wasifu wake, al-Humaydi, alimwandika kwa ufupi miongo kadhaa baada ya kifo chake. Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa wa Cordoba aliyekuwa kijana wakati al-Zahrawi amezeeka, alimtaja kwa sifa. Mengine yote tunayachota kwenye kitabu chake mwenyewe. Na kitabu hicho, wee, ni kikubwa.

Kinaitwa Kitab al-Tasrif. Jina lake refu, kwa maana, linasema ni kitabu cha yule asiyeweza kujikusanyia elimu mwenyewe. Kina makala 30. Kuna dawa, vyakula, mafuta ya kupaka, magonjwa ya wanawake, watoto na wazee. Alikimaliza karibu mwaka 1000, baada ya kutibu watu kwa muda unaohesabiwa kuwa nusu karne. Makala ya 30, ya mwisho, ndiyo iliyompa jina, kwa maana inahusu upasuaji. Ndani yake alichora vifaa vya kazi, karibu 200, kimoja kimoja: visu, ndoano, koleo, misumeno midogo. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake kwa wingi namna hiyo. Alitaka mwanafunzi aliye mbali, asiyeweza kufika Cordoba, aweze kumpelekea mhunzi ule mchoro na kumwambia nitengenezee kama hiki. Wanafunzi wake aliwaita wanangu. Sauti ya kitabu kizima ni ya baba anayefundisha, na mara nyingine anayegomba.

Alikuwa na sababu ya kugomba. Katika utangulizi wa makala hiyo analalamika kuwa upasuaji nchini mwake umekaribia kufa, na kwamba wanaojiita matabibu wanakata watu bila kujua mwili umejengwaje ndani. Anatoa mifano aliyoiona. Tabibu mmoja alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke akavuja damu hadi akafa palepale mbele yake. Mwingine alimtoa mzee jiwe la kibofu pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee hakumaliza siku tatu. Hayo aliyaandika ili wanafunzi waogope kidogo kabla ya kushika kisu.

Sehemu ya kwanza ya makala hiyo ni ya kuchoma kwa chuma cha moto. Wewe wa Kaskazini Mashariki huhitaji kuelezwa; huenda babu yako ana alama ya kuchomwa tumboni au mgongoni, na mifugo pia huchomwa. Al-Zahrawi aliamini sana tiba hiyo. Lakini angalia alivyofikiri. Wengine wa zama zake walisema chuma cha kuchomea kikiwa cha dhahabu ndicho bora, kwa heshima ya dhahabu. Yeye akakataa. Dhahabu ikiwa motoni, rangi yake haikuonyeshi sawasawa imefika kiwango gani, ikizidi inayeyuka, na ukiitoa inapoa upesi. Chuma cha kawaida unakiona kinavyobadilika. Basi tumia chuma. Kumbuka hilo, kwa sababu tutakapofika kwenye meno mtu huyuhuyu atachagua dhahabu, na hapo pia atakuwa na sababu.

Kwenye meno anaanza na uchafu. Anaeleza ile ukoko ngumu inayoshika kwenye meno, ndani na nje na chini ya ufizi, inayogeuka nyeusi au ya manjano hadi ufizi unaharibika. Akachora vikwaruzio 14 vya umbo tofauti, kwa sababu kile kinachofika nyuma ya jino si kile kinachofaa mbele. Na anasema kama hukumaliza siku ya kwanza, rudi siku ya pili, na ya tatu, hadi jino liwe safi.

Kisha anafika kwenye kung'oa, na hapo anapunguza mwendo kabisa. Kwanza hakikisha ni jino gani linalouma, anasema, kwa kuwa maumivu humdanganya mgonjwa. Anakuonyesha jino zima, linang'olewa, na maumivu yanabaki palepale kwa sababu lililooza bado lipo. Anasema ameona vinyozi wakifanya hivyo mara nyingi. Enzi hizo vinyozi ndio waliokuwa wakining'inia kwenye meno ya watu. Kwake yeye jino halikuwa kitu cha kung'oa ovyo, kwani likitoka hakuna kinachochukua nafasi yake sawasawa.

Sasa yale meno yaliyoota vibaya, ambayo ndiyo yaliyokupeleka wewe Nairobi. Kuna sura yake. Anasema wazi kuwa meno yaliyokaa vibaya yanaharibu sura ya mtu, hasa kwa wanawake. Kama jino limeota nyuma ya jingine mahali ambapo msumeno haufiki, ling'olewe. Kama limeshikana na jirani yake, likatwe kidogo kidogo, kwa siku nyingi, kwa kuwa jino ni gumu na ukilikata kwa haraka utatikisa majirani. Kama limechomoza tu, lipunguzwe kwa tupa ndogo ya chuma cha Kihindi, nayo pia polepole, siku hadi siku, kisha lilainishwe.

Unaona kitu kimoja hakimo? Kuvuta jino hadi mahali pake. Al-Zahrawi hakuwa na waya za kunyoosha kama zako. Mrumi mmoja, Celsus, karibu miaka 900 kabla yake, alikuwa ameshauri kusukuma kwa kidole kila siku jino jipya lililoota upande hadi lifike mahali pake. Wazo lilikuwapo, lakini chombo kilikuwa bado. Nisikudanganye basi kwamba mtu huyu alivumbua brasi, kama baadhi ya video za mtandaoni zinavyodai. Yeye anaingia kwenye hadithi yako baada ya hapo, kwenye swali la jino ambalo liko mahali pake, lakini halitaki kukaa.

Tuseme mtu ameanguka, au amepigwa, na meno ya mbele yamelegea hadi hawezi kutafuna. Al-Zahrawi anasema jaribu dawa za kukaza ufizi. Zikishindwa, yafunge. Chukua uzi wa dhahabu. Fedha pia yaweza kutumika, lakini fedha baada ya siku chache inashika kutu ya kijani na kuharibika, ilhali dhahabu inabaki vilevile daima. (Hapo ndipo dhahabu ikapata haki yake.) Uzi usiwe mnene wala mwembamba mno, bali ulingane na nafasi iliyo kati ya meno. Anza kwenye jino zima lenye nguvu. Pitisha uzi kati ya jino na jino, usuke kama msusi anavyosuka mkeka, hadi ufike jino zima la upande wa pili. Kisha rudi nao ulikotoka.

Kaza kwa upole na kwa akili, hadi meno yasisogee. Uzi ukae chini, karibu na mizizi, usije ukateleza na kutoka. Ncha zilizobaki zikate kwa mkasi, zisokote pamoja, uzifiche kati ya jino zima na jino lililolegea, zisije zikaumiza ulimi.

Halafu, na hapa ndipo nakuomba ukae macho, uache hapo. Uzi ukae kadiri utakavyokaa. Ukilegea au ukikatika, funga mwingine kwa njia ileile. Mtu huyo atayatumia meno yake hivyo maisha yake yote.

Chukua ulimi wako sasa uguse nyuma ya meno yako ya mbele ya chini. Kama daktari wako alikubandikia kale kawaya, unagusa ndugu wa uzi ule. Wako umesokotwa kwa chuma kisichoshika kutu na umeshikiliwa kwa gundi badala ya kusukwa, lakini kazi ni moja, yaani kuyafunga meno yanayotaka kuhama kwenye meno yaliyotulia. Na lile jibu la hadi lini limebaki karibu lilelile. Daktari mwenye ukweli atakuambia, maadamu unataka meno yabaki yamenyooka.

Kwa nini lakini? Meno yako hayakulegea kwa kuanguka. Ukweli ni kwamba yalilegezwa makusudi. Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari. Linaning'inia ndani ya shimo lake kwa nyuzinyuzi nyingi ndogo. Waya zilipokuwa zikilisukuma, mfupa uliyeyuka upande mmoja na kujengwa upande mwingine, na jino likasafiri. Siku ya kutoa waya, mfupa bado ni mchanga. Zile nyuzi zinazoshika mzizi huhitaji miezi mitatu au minne kujipanga upya. Nyuzi za kwenye ufizi, hasa kama jino lilikuwa limezungushwa, hukaa zimevutika kama raba kwa muda mrefu zaidi. Mtafiti wa Norway, Kaare Reitan, alizikuta bado zimevutika siku 232 baada ya jino kuzungushwa, katika majaribio yake kwa mbwa. Raba iliyovutika ukiiachilia unajua inaenda wapi.

Halafu kuna uzee. Usicheke, unaanza mapema. Hata mtu ambaye hajawahi kuvaa waya, meno yake ya mbele ya chini husongamana taratibu kadiri miaka inavyopita. Watu hulaumu magego ya mwisho, yale yanayoota ukishapita miaka 17, ati ndiyo yanasukuma. Utafiti haujawaunga mkono sana. Hata waliozaliwa bila magego hayo meno yao husongamana.

Na mwanya je? Huku kwetu mwanya wa mbele ni uzuri. Wasomali wana jina lake kabisa, fanax, na pwani umesifiwa tangu zamani. Kuna anayelipa uzibwe na kuna anayeuomba kwa Mungu. Ila kama wewe ni wa kwanza, jua kuwa mwanya ni miongoni mwa vitu vinavyorudi upesi kuliko vyote. Ukiuziba bila kitu cha kuushikilia, umelipia likizo ya mwanya tu.

Hata wakubwa wa fani hii walijikwaa hapo. Edward Angle, Mmarekani aliyezaliwa 1855 na kufa 1930, ndiye aliyeifanya kazi ya kunyoosha meno kuwa taaluma inayojitegemea, akafungua shule yake mwaka 1900. Alishikilia kwamba using'oe jino hata moja. Yapange yote yaumane sawasawa, na kutafuna kwenyewe kutayashikilia. Mwanafunzi wake, Charles Tweed wa Arizona, alimfuata kwa uaminifu, kisha akaanza kuangalia wagonjwa wake waliokwisha kupona na hakupenda alichokiona. Akawarudia wengi, akang'oa magego madogo manne ili kupata nafasi, akawanyoosha tena bila kuwatoza hata senti. Wenzake wa shule ya Angle walimwona msaliti. Lakini nako kung'oa hakukuwa dawa ya kila kitu. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wakiongozwa na Robert Little, walitoa matokeo ya watu 65 walionyooshwa kwa kung'olewa magego madogo, wakaangaliwa miaka kumi baada ya kuacha ritena. Karibu theluthi mbili, meno ya chini yalikuwa yamepinda tena kwa kiwango kisichoridhisha. Walikuwa wametibiwa na watu waliojua kazi. Walichokosa ni kitu cha kuyashikilia.

Kwa hiyo wewe wa Garissa una adui mmoja wa ziada ambaye vitabu vya Marekani havimtaji sana. Joto. Ritena ya plastiki ile inayoonekana kama glasi hupinda kwa joto. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari mchana, au juu ya jiwe ukitia udhu, unaweza kukuta imebadilika umbo, na ritena iliyopinda ikivaliwa hulisukuma jino mahali pasipo pake. Usiioshe kwa maji ya moto na usiivae ukinywa chai ya maziwa inayofuka mvuke. Ile nyingine ya plastiki ngumu yenye waya mbele, ambayo Mmarekani Charles Hawley aliieleza mwaka 1919 na bado inatumika, huvumilia zaidi kidogo, lakini nayo haipendi moto. Kikasha chake kaa nacho. Ritena nyingi hupotelea hotelini: mtu anaitoa ale, anaifunga kwenye tishu, mhudumu anafagia meza. Basi. Na mbuzi hupenda plastiki, hilo unalijua.

Waya wa kubandika una hatari yake ya kimyakimya. Gundi inaweza kubanduka kwenye jino moja tu, mengine yakabaki yameshika, wewe usihisi lolote, na jino lile likaanza safari peke yake. Kuguguna mifupa, kufungua soda kwa meno na kutafuna vijiti vigumu vya miraa vyote vinauchosha. Kila baada ya muda pitisha ukucha au ulimi nyuma, jino kwa jino. Ukisikia mahali panapocheza, huhitaji kungoja nauli ya Nairobi. Kubandika waya upya ni kazi ambayo daktari wa kawaida wa meno anaweza kuifanya, na anayepatikana Garissa ni afadhali leo kuliko yule bingwa wa Nairobi baada ya miezi sita. Ritena nayo ikianza kubana kuliko kawaida, hiyo ni habari kuwa meno yametembea. Usiilazimishe kwa nguvu. Nenda ukaangaliwe.

Usafi usiusahau, maana waya unashika ukoko upesi, ileile ambayo al-Zahrawi aliichorea vikwaruzio 14. Kijiti cha mswaki, kile ayeyo wako anachokiita caday na kinachokatwa kwenye miti ya kwetu, ni kizuri na Shirika la Afya Duniani liliuunga mkono utumizi wake tangu miaka ya 1980. Lakini wengi hukisugua mbele tu, pale watu wanapoona. Nyuma, penye waya, panabaki. Kitafune kilainike vizuri, ukiingize nyuma, au tumia brashi ndogo sehemu hiyo.

Turudi Andalusi, mzee wetu hatujamzika. Miaka yake ya mwisho ilikuwa mibaya. Hakam alipofariki mwaka 976, mwanawe alikuwa mtoto, na mamlaka yakashikwa na waziri mwenye nguvu, al-Mansur. Baada ya ukoo wa al-Mansur kuanguka mwaka 1009, watu wa Andalusi wakapigana wao kwa wao. Madinat al-Zahra, mji aliozaliwa, uliporwa na kuchomwa katika miaka iliyofuata. Kuta zikabomolewa, mawe yakabebwa kwenda kujengea kwingine. Al-Zahrawi anahesabiwa kuwa alifariki karibu mwaka 1013, akiwa na miaka inayokaribia 80, yaani mji na mtu wake waliondoka karibu pamoja. Mji ukafunikwa na udongo hadi wachimbaji walipoanza kuufukua mwaka 1911. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kitabu kilipona. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona aliitafsiri makala ya upasuaji kwa Kilatini. Guy de Chauliac, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa katika karne ya 14, alimtaja al-Zahrawi karibu mara 200 katika kitabu chake. Mwaka 1465 tabibu wa Anatolia, Sabuncuoğlu, aliandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki akiegemea sana kazi yake na kukijaza michoro ya rangi. Mwaka 1497 tafsiri ya Kilatini ilipigwa chapa Venice. Kwa karibu miaka 500 Mzungu aliyejifunza kukata mwili alikuwa akisoma, ajue asijue, maneno ya mtu wa Zahra aliyewaita wanafunzi wake wanangu.

Mwaka 1973, huko London, Spink na Lewis walichapisha makala hiyo kwa Kiarabu na Kiingereza kurasa zikitazamana, pamoja na michoro yote ya vifaa. Baada ya maelezo ya uzi wa dhahabu upo mchoro mmoja wa meno, mawili mazima na mawili yaliyolegea, na uzi ukiwa umepita kati yake.